Sweta Lililochomwa Kwenye Filamu

Watu wa Katesh wanasema Yoakimu wa Gitting alikwenda kuharibu starehe ya vijana kibandani. Hakwenda kuharibu kitu. Alikwenda kutafuta sweta la mke wake. Wanaomsema hawajauliza, basi habari yenyewe ni hii.

Yoakimu si mtu wa maneno. Shule hakusoma. Baba yake alikuwa na ng'ombe na mtoto mmoja tu wa kiume, akachunga. Alipokua akalima viazi na maharage chini ya mlima, miaka mingine akalinda mashamba makubwa ya ngano huko bondeni, akarudi, akalima tena. Alimwoa Philomena wa Masakta. Wakazeeka pamoja.

Philomena alikuwa na meno ya kahawia. Huku maji yanatoka ardhini na madini yake, na anayeyanywa tangu utotoni meno yake ya ukubwani huota ya rangi hiyo. Mgeni akija hushangaa. Wenyeji hawashangai, maana hakuna wa kumshangaa mwenzake. Philomena alikuwa akicheka mpaka magego yanaonekana, kanisani, sokoni, popote, na Yoakimu alimjua kwa kicheko hicho kabla hajamjua kwa jina.

Sweta alilifuma mwenyewe. Hakununua nyuzi. Nguo ya mtu wa nyumbani ikichakaa, aliifumua, akakunja uzi, akauweka. Mstari wa bluu ulitoka kwenye sweta la Gidion, mtoto wao wa kwanza, ambaye hakufika umri wa kwenda shule. Mstari mwekundu uliofifia ulikuwa wa binti yao alipokuwa mwanafunzi. Wa kijivu ulitoka kwenye sweta la Yoakimu, lile alilolindia ngano. Rangi hazikulingana hata kidogo. Yoakimu aliwahi kumwambia linafanana na gunzi lililoliwa na panya. Philomena akamjibu kwamba yeye aangalie tu, kila mstari una mwenyewe.

Masika yaliyopita kifua kilimbana Philomena. Alipoona hawezi kuinuka, alisema sweta apewe Marieta, mdogo wake aliyeolewa Tlawi, kwa sababu Tlawi kuna baridi kuliko Gitting. Hakusema mengi zaidi. Akafa.

Walimzika, na watu wa nyumba wakanyolewa vichwa kama inavyopasa. Nguo zake zikawekwa sandukuni. Nguo za marehemu hazigawiwi mpaka siku ya kumaliza matanga, ndugu wakiwa wamekaa wote. Mpaka siku hiyo bado ni zake, na asiye wa nyumba hazigusi.

Nyumbani alibaki Yoakimu na Lucia, mtoto wa binti yao, aliyemaliza kidato cha nne akawa anakaa na bibi yake. Baridi ya mwezi wa saba ilipoanza, wingu likashuka mlimani likakaa mlangoni, Lucia akakohoa. Yoakimu akafungua sanduku. Akamvisha sweta. Alimwambia alivae mpaka Marieta atakapokuja, na kwamba bibi yake angemvisha hivyo hivyo. Lucia alizika pua yake kwenye kola, akakaa hivyo kitambo. Tangu hapo hakulivua.

Ndipo alipokuja Festo.

Festo ni kijana wa Dongobesh aliyehamia Katesh. Ana kamera. Anapiga picha za harusi na kipaimara, na siku hizi anatengeneza filamu, anaziweka kwenye simu za watu, nyingine zinaonyeshwa vibandani. Nywele zake pembeni zimenyolewa, katikati ndefu, zimepakwa rangi ya dhahabu. Alimkuta Lucia bombani. Akamzunguka, akamtazama kichwa, akamtazama meno, akamtazama sweta, akawaambia wenzake wawili kwamba wamepata. Kisha akaja nyumbani kwa adabu. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda.

Alieleza kwamba anatafuta msichana wa kucheza kwenye filamu. Msichana wa kijijini anachukuliwa na shangazi yake wa mjini, anabadilika.

"Anabadilika anakuwa nini?" Yoakimu aliuliza.

"Anakuwa mrembo, babu."

"Na sasa ni nini?"

Festo alicheka, akasema babu ana utani. Yoakimu hakuwa na utani. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Lakini Lucia alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, na tangu msiba hakuwa ametabasamu, basi mzee akamwacha aende. Lucia aliuliza avae nini. Festo akasema aje hivyo hivyo alivyo, asibadili kitu.

Lucia alirudi jioni ya siku ya pili. Yoakimu hakumtambua mpaka alipoamkia. Alikuwa na wigi linalofika mabegani, poda usoni, gauni jembamba la mikono mifupi kwenye baridi ile. Alipocheka meno yalikuwa meupe kama chokaa ya ukutani. Yale ya kahawia walikuwa wameyapaka rangi ya kucha. Walipokula ugali ikaanza kubanduka vipande vipande, akawa anavitema kando, na bado anacheka, anasimulia gari, anasimulia taa, anasimulia jinsi walivyomwambia ashuke garini polepole, arudie, ashuke tena.

Mzee alimwacha amalize. Kisha akauliza sweta liko wapi.

Lucia alisema wamebaki nalo. Hakuwa amecheza sehemu zote mwenyewe, katikati alipelekwa kupambwa chumba kingine, na aliporudi akaambiwa sweta bado lina kazi, Festo atalileta.

Festo hakulileta. Yoakimu alimtumia salamu kwa mtu wa bodaboda, majibu yakaja kwamba babu asiwe na wasiwasi. Mwezi wa saba ukaisha. Viazi vikavunwa. Ukoo ukakubaliana Jumamosi ya kumaliza matanga, na Marieta akapiga simu kutoka Tlawi kwamba anakuja. Lile sweta hakulitaja. Hakuwa na haja, alijua limo sandukuni linamngoja.

Jumatano Yoakimu akavaa koti, akachukua fimbo, akamwambia Lucia waende Katesh.

Chumba cha Festo kilikuwa kimefungwa. Jirani akasema yuko kwa Adamu, kwenye kibanda umiza, leo ndiyo mara ya kwanza filamu yake inaonyeshwa. Lucia akaongeza mwendo. Alikuwa bado hajaiona. Adamu, mwenye kibanda, mfanyabiashara aliyezaliwa hapo hapo Katesh, alimpokea mzee mlangoni, akampisha apite bure na kumtafutia nafasi kwenye benchi la nyuma. Lucia akaenda mbele. Yoakimu hakukaa. Alikuwa akimtafuta Festo gizani amtoe nje waongee.

Kisha akaliona sweta. Lilikuwa kwenye televisheni, kubwa, na mistari yake yote. Bluu ya Gidion ilionekana kabisa.

Humo Lucia alikuwa bombani, kichwa chake cha matanga kimepigwa jua. Watoto walikuwa wakimwimbia. Akatokea kijana akaziba pua, akasema kichwa kama kibuyu, meno kama ametafuna misumari yenye kutu, na sweta hilo hata mbwa akililalia atawashwa. Kibanda kizima kikacheka. Watu walipigana mabega. Yoakimu alisimama pale na fimbo yake, hajui kama amesikia vizuri.

Likaja gari, akashuka shangazi wa mjini mwenye miwani. Akamtazama Lucia, akashika kinywa kama anayetaka kutapika. Hapo aliyevaa sweta hakuwa Lucia tena, alikuwa msichana mwingine aliyepigwa picha kwa nyuma. Shangazi akalivua sweta kwa kijiti, akalibeba kwa kijiti mbali na mwili wake, akalitupa kwenye moto wa magunzi. Kamera ikakaa pale. Uzi wa mkono mmoja ukaanza kujikunja, ukawaka, halafu kifua, halafu kola. Watu wakapiga makofi.

Baada ya hapo wakampaka Lucia, wakamvika, wakamweka wigi, akashuka garini polepole, na yule kijana aliyeziba pua akaangusha soda yake mchangani. Vijana wakapiga miluzi.

Yoakimu alipita katikati ya mabenchi akasimama mbele ya televisheni.

"Zima," akamwambia Adamu.

Mmoja akamwambia mzee akae, mgongo wake si kioo. Mwingine akasema shangazi amchukue na babu, huenda akapendeza. Wakacheka tena.

"Ee," akasema Yoakimu. "Hivyo hivyo. Chekeni tena. Adamu, fungua mlango mwanga uingie, niwaone meno."

Adamu akafungua mlango. Mwanga ukaingia. Kijana wa benchi la mbele alikuwa bado amekenua, na meno yake yalikuwa ya kahawia tangu juu mpaka chini. Wa pembeni yake vivyo hivyo. Na wa nyuma yao. Mzee alitembeza fimbo polepole kutoka uso mmoja kwenda mwingine, na kila ilipofika, mdomo ulifungwa. Adamu mwenyewe aliziba wa kwake kwa kiganja, naye hakuwa amecheka.

"Misumari hiyo mmetafuna pamoja," Yoakimu akasema. "Mnamcheka nani?"

Festo alikuwa ameinuka kwenye kona. Yoakimu akamuuliza, sweta liko wapi.

"Si umeona, babu. Lilichomwa."

"Lilichomwa kweli?"

"Filamu inataka ukweli, babu. Lakini usijali, mimi nitakutafutia mtumbani. Nitakupatia zuri zaidi."

"Zuri zaidi," akarudia Yoakimu. "Huyu mtoto ulimkuta amenyolewa. Ulidhani kwa nini?"

Festo alisema alidhani ni mwanafunzi, au ana mapunye.

"Ni matanga. Ya bibi yake. Na sweta ni la marehemu, na hatujagawa."

Festo wa Dongobesh alijua maana yake. Kamera na nywele za dhahabu hazikumtoa kwao. Alikaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna benchi.

"Hukuniambia, babu," akasema.

"Hukuuliza. Ulitazama tu, ukaona baya."

Akamwambia Jumamosi aje Gitting amweleze Marieta kwa mdomo wake, na kwamba yeye Yoakimu hatamsaidia hata neno moja. Kisha akatoka.

Njiani Lucia alitembea nyuma, mkono mdomoni. Mzee akamuuliza mkono wa nini. Akasema vumbi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, vumbi la wapi? Yoakimu hakumbishia. Aliendelea kutembea, na hasira ikapanda pamoja na njia.

Kesho yake mzee alirudi kutoka shambani kabla ya saa ya kurudi, amesahau panga. Alimkuta Lucia amechuchumaa nyuma ya jiko na kipande cha msasa, ule wa kulainishia mipini ya majembe, na kioo kidogo cha bibi yake. Alikuwa akisugua meno. Ufizi ulikuwa unavuja damu, na kwenye jino la mbele msasa ulikuwa umeacha mkwaruzo mweupe.

Mzee alimnyang'anya msasa akautupa motoni. Hakumpiga. Alitaka kupiga mtu, na mtu mwenyewe hakuwa pale. Akaenda akapiga mti wa ua kwa fimbo mpaka fimbo ikavunjika, akarudi na nusu yake.

"Bibi yako amezikwa na meno yake yote," akamwambia. "Hayo ya kahawia. Alitafunia nyama mpaka mwaka huu. Ukiyamaliza hayo kwa msasa utatafunia nini, wigi?"

Lucia akalia. Yoakimu akamletea maji ya chumvi asukutue, akaketi karibu naye, na siku hiyo hakurudi shambani.

Jumamosi ndugu walikuja. Marieta alifika na gari la asubuhi kutoka Tlawi, upande wa Mbulu, amejitanda kitenge mabegani, midomo imepauka kwa baridi. Walinyoa vichwa vilivyoanza kuota nywele, wakala, wakakaa. Sanduku likatolewa nje. Kila kitu kikapata mwenyewe: gauni la kanisani, kanga, viatu, kioo kidogo. Marieta alingoja bila haraka, kwa sababu chake kilijulikana. Sanduku likabaki tupu, chini zimelala sindano mbili tu za kufumia.

"Shemeji," akasema Marieta, "la kwangu liko wapi?"

"Mwenye jibu anakuja," akasema Yoakimu.

Ndugu wakaguna. Mmoja akauliza kama sweta limeuzwa. Yoakimu hakujibu. Alikuwa ameahidi kwamba hatamsaidia yule kijana, na hata kumtaja aliona ni kumsaidia. Walikaa hivyo, watu wakianza kumtazama yeye vibaya, uani kwake mwenyewe, siku ya kumaliza matanga ya mke wake, na alivumilia. Ndipo bodaboda ikanguruma barabarani, akashuka Festo, kofia imevutwa mpaka masikioni.

Aliamkia wote. Akapiga goti mbele ya Marieta, akaeleza. Hakupunguza. Alisema alimwona msichana bombani, alisema alichomwona nacho, alisema kijiti, alisema magunzi.

Marieta alivuta kitenge chake mabegani.

"Uliona ni baya?"

"Ndiyo, mama."

"Lilikuwa baya kweli. Dada yangu alijua kukaza uzi, kupanga rangi hakujua." Wanawake wawili watatu wakacheka kidogo, wakajizuia. "Lakini niliambiwa ni langu. Na mimi huko Tlawi nilikuwa sihitaji la kupendeza. Nilihitaji lake."

Festo alisema atafanya lolote.

"Vua kofia," akasema Marieta. "Umeshika nguo ya marehemu kabla ya kugawiwa. Umeingia matangani mwenyewe, hakuna aliyekualika. Sasa tutakutoa kama tunavyotoana."

Wakamletea kigoda. Maji, sabuni, wembe. Ndugu wakaangaliana nani anyoe, na Lucia akanyoosha mkono akauchukua wembe. Alinyoa taratibu, bila kumkata. Nywele za dhahabu zikaanguka kwenye matope, kuku mmoja akazidonoa akaziacha. Chini yake kichwa cha Festo kilikuwa na bonde kubwa upande wa kushoto, jambo ambalo hakuna aliyelijua, na masikio yaliyosimama kama ya punda aliyesikia ndoo.

"Shangazi wa mjini akupitie na wewe," akasema Marieta.

Lucia akacheka. Alicheka wembe uko mkononi, mdomo wazi, mpaka magego, na jino lile la mbele na mkwaruzo wake likaonekana na watu wote. Yoakimu alikisikia kicheko hicho kikitoka mahali alipokijua. Akatazama chini.

Festo akajipangusa kichwa. Alimwambia mzee kwamba ataifuta filamu, yote, leo hii. Yoakimu alikuwa ametaka hivyo tangu Jumatano. Alifungua mdomo aseme afute. Kisha akakumbuka kwamba bluu ya Gidion haipo tena mahali pengine popote, ila humo, katikati ya matusi. Hilo lilimkasirisha kuliko moto wenyewe.

"Usifute," akasema Lucia. "Kata. Acha pale bombani, nilipovaa la bibi. Yale maneno ya kuziba pua toa, na kuanzia kijiti mpaka mwisho toa."

"Ikikatwa hapo haitakuwa filamu," Festo akasema. "Itakuwa msichana anateka maji tu."

"Basi ateke," akasema Marieta.

Marieta alichukua zile sindano mbili. Akasema kufuma hajui na uzee huu hatajifunza, ila zilikaa mikononi mwa dada yake. Yoakimu alimsindikiza mpaka barabarani. Wingu lilikuwa limeshuka tena, na kile kitenge kwenye mabega yake kilikuwa chembamba, kimelowa. Mzee akavua koti lake akampa. Marieta alikataa, akakataa tena, akapokea.

Gari lilipoondoka, Yoakimu alibaki pale na shati, baridi ikimwingia. Festo alipita na bodaboda, kichwa kinang'aa, akapunguza mwendo, akasema shikamoo babu.

"Marahaba," akaitikia Yoakimu. Zaidi ya hapo hakumpa neno, na mpaka leo wakikutana Katesh hampi zaidi ya hilo.